Ghuba la Mabwe Ndani ya Kioo

Maji yalikuwa na hewa ya kutosha. Nyamizi alitazama kipimo cha ukutani, akapima tena kwa kile cha mkononi, kisha akachota maji kwa kikombe akayanusa kama mama anayenusa maziwa ya jana. Maji mazuri. Ziwa lenyewe halikuwa limeona maji kama hayo tangu siku lilipopinduka. Na bado Bi Mkubwa alikuwa juu kabisa, mdomo umegusa uso wa maji, anatweta.

Bi Mkubwa alikuwa furu wa mawe, samaki mdogo wa miambani. Kimo chake kidole cha shahada, rangi yake kijivu iliyochoka, hana uzuri wa kumsimamisha mtu njiani. Lakini ndiye pekee aliyebaki kati ya samaki waliozaliwa ziwani. Wenzake wote katika Nyumba ya Samaki ya Mwanza walizaliwa kwenye vioo wakalelewa kwa chakula cha chembechembe, na kuwauliza hao habari za ziwa ni sawa na kumuuliza kuku wa bandani habari za porini.

"Mwache azoee, shemeji," alisema Rweyunga, fundi wa mataji, yale ya mpira yanayomwunganisha mtu na samaki. Alimwita shemeji kwa ajili ya Masalu, marehemu mumewe Nyamizi, waliyekuwa wakila naye sahani moja. "Hata mtu akihamia nyumba mpya hulala macho wazi."

"Hii si nyumba mpya," Nyamizi alijibu. "Ndiyo shida yenyewe. Hii ni kwao."

Na kweli ilikuwa kwao. Kabla ya ukarabati, jengo lile lilikuwa aibu tupu. Kwenye matangi ya mbele palikuwa na matumbawe ya plastiki. Matumbawe, jamani, katika mji wa ziwa! Palikuwa na sanduku la hazina linalofunguka na kujifunga, na sangara mmoja mnene aliyezungushwa taa za bluu, na watoto wa shule walitoka pale wakiamini kwamba hivyo ndivyo babu zao walivyoliona ziwa. Mkurugenzi Mugeta alipoingia aliamuru vyote ving'olewe. Kila tangi liwe makazi ya kweli ya samaki wa asili: tangi la mafunjo, tangi la matope, tangi la mawe. Mgeni asimame mbele ya kioo ajue nani aliishi wapi, na kwa nini pale na si kwingine.

Tangi la mawe alipewa Nyamizi, naye akalijenga kwa kiburi cha mtu anayejua kazi yake.

Hakujenga kwa kukisia. Alijenga kwa taji. Nyuma ya kichwa cha Bi Mkubwa uliota uzi mwembamba kuliko unywele, ulioingizwa mara alipotolewa ziwani, na yule aliyevaa taji upande wa pili wa kioo alihisi alichohisi samaki. Si picha. Samaki wa mawe halioni jiwe kwa jicho tu. Hulisikia kwa mbavu zake, kwa namna maji yanavyomrudia. Nyamizi alikaa na taji kichwani mwezi baada ya mwezi huku Bi Mkubwa akilikumbuka Ghuba la Mabwe: ufa wa kujificha, bamba la kulia chakula, kona ya jirani mkorofi. Kisha alilivua akawafuata mafundi wa mawe. Hili sogezeni. Ule ufa uelekee kwenye mwanga. Hapana, rudisheni. Mafundi walimwita mama mkwe, wakasema heri kujenga ikulu. Yeye aliendelea mpaka kila jiwe likakaa pale pale lilipokaa siku ya mwisho ya ghuba.

Pale pale. Siku ya mwisho. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya Nyamizi wakati ule yalikuwa kwenye mawe.

* * *

Alivaa taji akaketi kwenye kigoda mbele ya kioo. Alitaka kujua samaki yule anaogopa nini.

Zamani, kwenye tangi tupu, kumbukumbu za Bi Mkubwa kwa kawaida zilikuja polepole na kwa upole: joto la asubuhi kwenye bamba, utelezi wa kijani unaokwanguliwa kwa meno, mwenzake kupita ubavuni. Safari hii hapakuwa na asubuhi. Yalianza moja kwa moja maji meusi. Baridi ilipanda kutoka chini, yenye ladha ya yai lililooza, na mbavu zikakaza, na kifua cha Nyamizi kikakaza pamoja nazo. Mawe yalikuwa yale yale, kila moja mahali pake, na kati ya mawe majirani waliinuka tumbo juu. Hakuna pa kwenda ila juu. Juu, juu, mdomo hewani, na hewani hakuna kitu.

Kisha mkono.

Ulishuka kutoka kwenye mwanga, ukasimama. Haukumkimbiza. Ulijikunja ukawa pango, na ndani ya pango pakawa na giza zuri, giza la mdomo wa mama, maana furu huatamia mayai mdomoni na watoto wakiogopa hurudi humo humo. Kidole cha pete hakikuwa na kucha. Bi Mkubwa aliingia kwenye kiganja kile kwa hiari yake.

Nyamizi alivua taji, akakaa akiwa ameshika uso. Kidole kile alikijua. Kucha ilikatwa na uzi wa nyavu kabla hawajaoana, na Masalu alipenda kuwatisha watoto wa majirani nacho.

Siku ziwa lilipopinduka, maji mafu ya chini yalipanda juu na hewa chafu ikapanda nayo. Masalu alizamia na ndoo akatoka na samaki. Alizamia tena akatoka na samaki. Alizamia mara ya tatu. Hapakuwa na kaburi, hapakuwa na picha inayofanana naye sawasawa, na mwaka baada ya mwaka hata sauti yake ilimtoka Nyamizi masikioni. Lakini ndani ya kichwa cha samaki mmoja asiye na uzuri, mkono wa Masalu ulikuwa ungali hai na wenye joto. Kwenye tangi tupu aliusubiri wiki nzima ndipo uje mara moja. Sasa, kwa mawe haya, ulikuja kila alipovaa.

Alivaa tena.

* * *

Walimleta mwalimu mmoja na darasa lake kwa majaribio. Watoto waliingia wakisukumana, wakavishwa mataji, wakanyamaza. Walipoyavua, wengine walikuwa wanalia kimya. Msichana mmoja mwenye sare iliyofifia hakulia. Alimwendea mkurugenzi.

"Nani alifanya hivi?"

Mugeta alichuchumaa mbele yake kama mtu aliyeulizwa na mkubwa wake, akaanza kumweleza: mbolea iliyotiririshwa, viwanda, mafunjo yaliyofyekwa, miaka ya watu kusema kesho. Alipoinuka alikuwa na machozi, na haikuwa desturi yake.

"Mmesikia?" aliwaambia Nyamizi na Rweyunga watoto walipoondoka. "Miaka yote nimebandika maelezo ukutani, mtoto anasoma, anauliza choo kiko wapi. Leo mtoto kauliza nani. Hawa ndio watakaolirudisha ziwa. Tunafungua Jumamosi na mataji yote."

"Mkurugenzi, kuna jambo," alisema Rweyunga. "Taji halisomi kumbukumbu kama mtu anavyosoma kitabu kilichokwisha kuandikwa. Linamwamsha samaki akumbuke. Na samaki akikumbuka, kwake si jana. Ni sasa. Kila mtoto aliyevaa leo, yule mama kafa maji upya."

Mugeta alimtazama Bi Mkubwa pale juu, anatweta. "Ni samaki mmoja, Rweyunga. Naumia, usidhani siumii. Lakini pima. Huku samaki mmoja, huku kizazi kizima."

"Si mmoja. Ana vifaranga."

Walikuwepo, wadogo kama punje za mchele, Bi Mkubwa alikuwa amewatema siku chache tu baada ya kuhamishwa. Hao ndio waliokusudiwa kurudishwa ghubani maji yakipona. Furu wa mawe wa mwisho. Na wote walikuwa juu, wamejipanga chini ya kidevu cha mama yao, midomo hewani. Hawakuwahi kuonja maji meusi maishani mwao. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, watu husema, lakini hawa walikuwa wamefunzwa na mama yao vizuri mno. Chakula chao kilikuwa chini, kwenye utelezi wa mawe, na chini hawashuki.

"Dawa ipo?" Mugeta aliuliza.

"Naweza kuifuta ile siku kichwani mwake," Rweyunga alisema. "Ila kumbukumbu si kitambaa ukate kipande. Siku ile imeshikana na mawe, na mawe yameshikana na kila kitu. Nikifuta siku, nafuta ghuba zima. Atabaki samaki wa kioo kama wenzake."

"Basi haifutwi," alisema Nyamizi, haraka kuliko alivyotaka. "Ghuba likishafutwa hapo, halipo tena popote. Tunawezaje?"

Maneno yale yalikuwa ya kweli, na hayakuwa sababu yake. Rweyunga akaanza kukusanya mataji.

Tena kulikuwa na njia ya tatu, ambayo Nyamizi aliijua peke yake, akakaa nayo kimya. Bibi yake, kule Misungwi, alifiwa na mume kitandani. Alikataa kulala chumba kile mpaka kitanda kigeuzwe, kichwani pawe miguuni, na mlango uonekane kwa upande mwingine. Hakuhama nyumba. Hakumsahau mzee. Aligeuza kitanda tu, akaishi humo miaka mingi. Mawe nayo yangeweza kugeuzwa. Mawe yale yale, maji yale yale, ila yasikae kama siku ile. Samaki angepata mahali pa kujificha pasipo na kifo ndani yake.

Lakini mawe yakigeuzwa, taji halingeleta tena siku ile. Na mkono haungekuja.

* * *

Kifaranga wa kwanza alimkuta anaelea asubuhi iliyofuata. Alimtoa kwa chujio la chai, akamfunga kwenye karatasi, akamtupa bila kumwambia mtu. Kesho yake walikuwa zaidi. Matumbo yao yalikuwa matupu mpaka unaona upande wa pili. Alijaribu kuwanyunyizia chakula juu ya maji. Walikiacha kipite kikazama, nao hawakukifuata.

Kila asubuhi alitoa waliokufa, kisha akaketi akavaa taji. Alijiambia anachunguza. Alijiambia anatafuta mlango mwingine wa kuingilia tatizo. Binadamu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Akivua, Bi Mkubwa alikuwa amechoka zaidi, mapezi yamelegea, na Nyamizi alikuwa na harufu ya mume wake puani ingawa samaki hajui harufu ya mtu.

Rweyunga alimkuta hivyo, na chujio mkononi.

"Shemeji, shimo unalolitazama nalijua. Mimi ndiye ninayefungua na kufunga mitambo. Naona ni nani anavaa, na mara ngapi."

Nyamizi alilisuuza chujio ndani ya ndoo.

"Sikusemei kwa Mugeta. Na simlaumu Mugeta, ana hoja. Yeye anawaza watoto wa watu. Wewe unawaza nini?"

"Umemwona, Rweyunga? Wewe ulivaa taji ukamwona?"

"Nilivaa mara moja." Aliutazama mkono wake mwenyewe. "Niliona kidole. Nikavua, sikuvaa tena. Nilitaka kuvaa, usidhani sikutaka. Masalu alikuwa ndugu yangu. Lakini nikajiuliza, mtu yule alirudi chini mara ya tatu kufuata nini? Alifuata hawa. Na wewe unawatoa kwa chujio la chai."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana yaliingia. Nyamizi alikaa chini sakafuni, kwenye maji yaliyomwagika, akalia kwa sauti kama ilivyompasa siku ya msiba, maana siku ile hakulia; alikuwa ukingoni anapokea ndoo za samaki.

Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa khanga. "Kuna njia," alisema, akamweleza habari ya kitanda cha bibi.

Rweyunga alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu. "Uliijua tangu lini?"

"Tangu siku ile mwalimu alipoleta darasa."

Rweyunga aliliokota chujio, akalining'iniza ukutani. Afadhali angemgombeza.

"Nitayageuza leo," alisema Nyamizi. "Ila niache nimuage. Mara moja. Sikuwahi kumuaga."

Rweyunga angeweza kukataa. Baadaye alijilaumu kwamba hakukataa. Lakini nani atamnyima mjane buriani? Aliwasha mtambo.

Maji meusi yakaja. Baridi, yai bovu, mawe, majirani tumbo juu. Nyamizi hakuogopa, alikuwa anayajua kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Akapanda juu, mdomo hewani. Mkono ukashuka kutoka kwenye mwanga, ukasimama, ukajikunja. Kidole kisicho na kucha. Aliingia kwenye giza lile zuri. Masalu, alisema, au alidhani alisema. Masalu, mimi hapa. Vidole vikafungwa taratibu juu yake, na kiganja kikaanza kuinuka.

Hakikufika juu. Katikati ya kuinuka kila kitu kilikoma. Si giza, maana giza ni kitu. Palikuwa patupu, na yeye ameketi kwenye kigoda na mpira mwepesi kichwani.

Upande wa pili wa kioo Bi Mkubwa alikuwa anashuka. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe tangi lile alikuwa anakwenda chini, polepole, kwa ubavu, hatweti tena, mpaka akatua kwenye bamba lake la kulia chakula.

Basi Masalu alikufa mara ya pili, na safari hii aliyemuua alikuwa Nyamizi. Alijua hivyo pale pale, wala hakujitafutia maneno.

* * *

Jumamosi milango ilifunguliwa. Hapakuwa na mataji. Mugeta alikuja mbio na tai imekaa upande, akakuta tangi la mawe limeshuka maji nusu, na ghuba lake limevurugwa. Bamba lilikuwa limesimamishwa, ufa umegeukia ukuta, mawe makubwa yamelala kifudifudi. Nyamizi alikuwa juu ya ngazi, ameloa mpaka mabegani.

"Mama, umevunja ghuba," alisema Mugeta. Hakufoka. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Nimeligeuza."

"Kesho yule msichana akirudi, nitamwonyesha nini?"

"Mwonyeshe waliobaki, mkurugenzi. Na mweleze wengine wamekwenda wapi. Mwambie ni mimi."

Mugeta alisimama. Alikuwa mtu wa kuuma na kupuliza, lakini leo hakuuma wala hakupuliza. Alirekebisha tai yake, akaenda kuwapokea wageni kwenye tangi la mafunjo.

Maji yalijaa tena. Vifaranga waliobaki ungewahesabu kwa vidole vya mkono na vidole vingine vikabaki. Walikuwa juu, midomo hewani, mahali walipofundishwa. Aliyewafundisha hakuwepo kuwafutia somo. Mawe yaliyogeuzwa yalikuwa chini yao, na utelezi wa kijani bado umeyashika, na wao hawakutazama chini hata mara moja.

Nyamizi alipanda ngazi akatumbukiza mkono.

Walitawanyika. Aliuacha mkono utulie, kisha akaukunja kama alivyojifunza, si haraka, dole gumba likilalia vidole, nafasi ndogo ikiachwa upande wa chini. Hakuna mtu aliyemwonyesha namna ile. Aliijua kutoka upande wa ndani, kama samaki alivyoijua. Ndani ya kiganja pakawa na giza.

Kifaranga mmoja alikuja akasimama karibu. Akaingia. Wengine walimfuata, mmoja mmoja, wakajibana humo, na alihisi wanamtekenya kwenye mikunjo ya mkono kama mvua nyepesi. Akaushusha mkono mpaka bega likazama na shavu likagusa maji, mpaka vifundo vikagusa jiwe. Kisha akafungua vidole.

Hakuna aliyetoka.

Mbele ya kioo wageni walikuwa wamekusanyika. Msichana wa sare iliyofifia alikuwepo, amekuja na mdogo wake. Alitazama mkono ule wa mtu mzima uliolala kati ya mawe, akamvuta Rweyunga shati.

"Fundi, ule mkono ni sehemu ya maonyesho?"

Rweyunga alifikiri. "Hapana. Maonyesho yalikuwa yawe mawe tu."

"Sasa yule mama anafanya nini?"

"Anawangoja washuke."

"Watashuka lini?"

"Sijui, mwanangu."

Mkono ulikuwa umekufa ganzi, na shingo ya Nyamizi inauma, na ngazi inamkata magoti. Hakuusogeza. Baada ya muda mrefu kifaranga mmoja alichungulia kati ya kidole cha pete na cha mwisho. Alitoka. Alielea juu ya jiwe, akalitazama, akalikwangua mara moja kwa mdomo wake mdogo, utelezi ukamshika kwenye kidevu.

Msichana akaweka kiganja chake kwenye kioo.

Kifaranga akageuka, akarudi mkononi. Nyamizi akaviacha vidole vyake wazi.